Likizo ya uzazi inaisha na mtoto bado mchanga: Shangazi anajibu

Barua za mwezi huu nyingi zimekuja na jambo moja, kina mama wanatakiwa warudi kazini na mtoto hata shingo haijakaza. Nimechukua tatu. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu maana ndani yake kuna mambo ambayo naona yanawasumbua wengi huku kwetu kusini, hizo mbili nitazijibu kwa ufupi.

SWALI: Bosi anasema mtoto azoeshwe kopo

Shangazi shikamoo. Mie ni mama wa mtoto mmoja, naishi Naliendele, nafanya kazi ya keshia kwenye duka la vifaa vya ujenzi Mtwara mjini, huu mwaka wa tatu na mkataba ninao. Mtoto wangu wa kike ana wiki nane. Likizo niliianza wiki mbili kabla ya kujifungua maana miguu ilivimba sana, kwahiyo kwa hesabu za bosi nimebakiza wiki mbili tu niripoti. Nilimpigia nikamwomba niwe natoka mchana kwenda kunyonyesha, akasema huu msimu wa korosho, watu wana hela wanajenga, duka linajaa, hawezi kukaa na keshia wa kutoka-toka, mtoto azoeshwe kopo. Mume wangu ni dereva wa lori muda mwingi yuko safari. Mama mkwe yuko Newala, anasema nimpelekee mtoto akae naye mpaka akue kidogo, na kama sitaki basi atanitafutia binti wa kazi huko huko, yupo mmoja ana miaka 13 ameacha shule. Roho inakataa yote mawili ila nashindwa namna ya kumjibu. Nimenunua pampu ya mkono nikajaribu, nikapata kama vijiko viwili tu, siku hiyo nililia. Friji ndogo ninayo lakini umeme unakatika. Nina wifi yangu anakaa Chikongola, siyo mbali na dukani, ila hatujazoeana sana. Kazi inaanza saa mbili asubuhi mpaka saa kumi na moja jioni. Niache kazi Shangazi?

Mama wa wiki nane, Mtwara

JIBU

Marahaba mwanangu, na hongera sana kwa uzazi. Kazi usiache. Angalau usiiache kwa sababu hizi ulizoniandikia, maana nimezisoma zote na hakuna hata moja isiyo na njia ya kupita.

Tuanze na bosi. Hayo masaa ya kunyonyesha wewe uliyaomba kama mtu anayeomba msaada, na yeye akajibu kama mtu aliyeombwa msaada akaona hauwezi. Sasa jua kwamba yapo kwenye sheria, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 33, inasema mfanyakazi anayenyonyesha aruhusiwe kumnyonyesha mtoto ndani ya muda wa kazi mpaka masaa mawili kwa siku. Ndani ya muda wa kazi, maana yake mshahara unaendelea kama kawaida, na haijaandikwa popote kwamba msimu wa korosho yanasimama. Halafu sheria hiyo hiyo inampa mtu anayefanya kazi zaidi ya masaa matano mfululizo mapumziko ya saa nzima kwa siku. Saa hiyo ya kula ni kitu kingine na yale mawili ya kunyonyesha ni kitu kingine, usikubali wakuchanganyie waseme si unaenda kula, basi nyonyesha huko huko.

Ukishayajua hayo sasa usiende kugombana. Muandikie barua, fupi, ya heshima, mpelekee wiki hii kabla hujarudi, umwambie tarehe fulani naripoti kazini, mtoto wangu ananyonya maziwa ya mama pekee, kwahiyo naomba tupange muda wangu wa kunyonyesha hivi na hivi. Ona hapo, unaomba mpange *muda gani*, hauombi kama upewe au usipewe. Mwambie saa sita mpaka saa nane mchana uwe haupo, hapo umeunganisha saa ya chakula na saa moja ya kunyonyesha, halafu jioni utoke saa kumi badala ya kumi na moja. Na umtafutie mtu wa kushika kaunta hayo masaa, wewe unaijua duka vizuri, umwandikie kabisa kwamba fulani wa stoo anaweza kukaa kwenye mashine mchana na hesabu nitamkabidhi na kupokea kwa maandishi. Mabosi wengi wanachoogopa ni hela yao ikae na nani, ukilijibu hilo mapema umeshammaliza nusu. Barua chapa nakala mbili, moja akusainie ubaki nayo, akikataa kusaini ipige picha umtumie na mesej.

Akikataa kabisa, nenda kwa Afisa Kazi hapo hapo Mtwara ukaeleze, au kama kazini mna tawi la chama cha wafanyakazi, watu wa maduka na viwanda mara nyingi wako TUICO, anza nao. Na ikitokea, Mungu apishie mbali, akakufukuza kwasababu ya uzazi au kunyonyesha, una siku 30 tu tangu siku hiyo kupeleka lalamiko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile wanayoiita CMA. Siku 30 zinakwenda haraka sana kwa mtu mwenye mtoto mchanga. Na usisaini barua yoyote ya kuacha kazi kwa hiari yako hata wakikwambia ni utaratibu tu wa ofisi.

Kuhusu hesabu ya likizo, bosi hapo yuko sawa. Siku 84 zinahesabiwa tangu ulipoianza likizo, siyo tangu ulipojifungua, ndo maana wiki mbili zako zimeliwa mwanzoni. Lakini je likizo yako ya mwaka umeshaila? Zile ni siku 28 na hazitakiwi kuingizwa ndani ya likizo ya uzazi, zinajitegemea. Ukipewa zote unarudi mtoto ana wiki 14. Ila nikwambie ukweli, likizo ya mwaka mwajiri ndo anapanga uichukue lini, kwahiyo hiyo ndo ya kuomba kwa upole, na msimu huu anaweza kukataa. Muombe hata wiki mbili. Nasema hivyo kwasababu chanjo ya wiki 10 inaangukia wiki ile ile unayotakiwa kuripoti, mtoto anaweza kuchemka usiku kucha baada ya sindano na wewe asubuhi uko kaunta unahesabu hela za watu. Na ya wiki 14 nayo inakuja mwezi mmoja baadae, iandike kabisa kwenye ile barua kwamba siku hiyo utachelewa, kadi ya kliniki ndo ushahidi wako.

Sasa mama mkwe. Nakuomba usimchukulie kama adui, huyo mama anachotaka ni mjukuu wake asiteseke na wewe usifukuzwe kazi. Ila kumpeleka mtoto wa miezi miwili Newala hapana. Akikaa mbali na ziwa siku nyingi maziwa yako yatakata, na hapo ndo itabidi aishi kwa maziwa ya kopo, na maziwa ya kopo yanataka maji safi ya kuchemsha kila mara anapokula, vyombo vya kuchemsha kila mara, na vipimo sahihi maana yakizimuliwa sana ili kopo lisiishe haraka mtoto anadhoofika. Wewe mwenyewe umeolewa huko unajua, kule juu kwa Wamakonde maji ni shida ya miaka mingi, watu wanavuna ya mvua wanayatunza kwenye visima vya nyumbani, ndo hayo hayo ya kupikia, kunywa na kufulia. Mtoto wa kopo kwenye mazingira hayo kuhara kunamnyemelea. Na bibi kwa mapenzi yake atampa na uji mwepesi wa mtama akiona analia, wakati mpaka miezi sita hahitaji hata maji.

Na yule binti wa miaka 13, nisikilize vizuri. Kumwajiri ni kosa, sheria imekataza kuajiri mtoto wa chini ya miaka 14. Weka sheria pembeni hata, huyo ni mtoto, yeye mwenyewe anahitaji mtu wa kumwangalia, leo umwachie mwingine wa miezi miwili akipaliwa atafanya nini? Kama mama mkwe anamjua na anamhurumia, amsaidie arudi darasani. Tafuta dada mtu mzima, mwanamke aliyewahi kulea, mkubaliane mshahara na siku ya kupumzika mbele ya mtu, na mapema muulizane kuhusu safari za nyumbani, maana huku kwetu msimu wa kuokota korosho ukianza, au kukiwa na unyago wa mdogo wake, dada anaaga leo kesho hayupo na wewe huna pa kumshika. Hilo wengi linawakuta ghafla kwasababu hawakuuliza, wakati ukiuliza mwezi wa saba atakwambia bila shida kwamba mwezi wa kumi lazima niende kwetu wiki mbili, nawe ukajipanga.

Haya. Kuna mstari mmoja kwenye barua yako umeuandika ukaupita, mie nimesimama hapo hapo. Wifi yako anakaa Chikongola karibu na dukani! Mwanangu, hiyo ndo dawa yako. Kutoka Naliendele asubuhi uje na mtoto na dada kwenye bajaji moja, uwaache kwa wifi, mchana unatembea kwenda kunyonyesha, jioni mnarudi wote. Hamjazoeana, sawa, lakini huyo ni shangazi wa mtoto, damu yake. Usimtumie mesej, nenda kwake na mtoto, kaa, kunyweni chai, mueleze kama ulivyonieleza mimi. Umwambie hautaki alee, dada atakuwepo, unachoomba ni kivuli na jicho la mtu mzima. Unga, sabuni, mkaa, changia, usiende mikono mitupu kila siku kama nyumba ni yako. Mume wako ampigie kwanza dada yake, hilo ni jukumu lake hata akiwa njiani.

Na wifi akishakubali, mama mkwe mmempata bila vita, maana mtoto anashinda kwa binti yake mwenyewe. Mpigie uongee kwa adabu, "Mama, nimekusikia na nashukuru, mjukuu wako kliniki wamesema anyonye tu mpaka miezi sita ndo maana sijaweza kumleta, tumeona ashinde kwa wifi, ila nakuomba korosho zikishaisha shambani uje ukae na sisi." Bibi gani atakataa hilo? Na akija kweli, akukute na chumba.

Sasa tuje kwenye maziwa, najua ndo kinachokuliza.

Vile vijiko viwili siyo kipimo cha maziwa yako. Mtoto ananyonya vizuri kuliko pampu yoyote, na mama akikaa na pampu roho juu huku anatazama chupa maziwa yanagoma kushuka kabisa. Kipimo chako ni hivi, je anakojoa mara sita au zaidi kwa siku nzima, na uzito kwenye kadi unapanda? Kama ndio basi maziwa yapo ya kutosha.

Jifunze kukamua kwa mkono, ni bure na haihitaji umeme. Nawa mikono na sabuni, weka kitambaa cha vuguvugu kwenye ziwa dakika chache, lisugue taratibu kutoka juu kuja kwenye chuchu. Halafu weka kidole gumba juu na vidole vingine chini, nyuma kidogo ya ile sehemu nyeusi, usishike chuchu yenyewe. Sukuma kwanza kurudi kifuani, ndo ubane, uachie. Sukuma, bana, achia. Mwanzo hayatoki kitu, usikate tamaa, baada ya dakika mbili tatu yanaanza kudondoka halafu yanaruka. Ziwa hili dakika tano, hamia lile, rudi tena, zunguusha vidole sehemu zote, jumla kama dakika 20 mpaka 30. Ikiuma unakosea, omba nesi wa kliniki akuoneshe kwa mkono wake, ni kazi yao na wanapenda kuulizwa. Muda mzuri ni alfajiri, maziwa yanakuwa mengi, na wengine wanafanya ziwa moja mtoto ananyonya na lingine wanakamua hapo hapo maana mtoto ndo anayashusha yote.

Halafu fanya hesabu na mimi. Unamnyonyesha saa moja na nusu asubuhi kwa wifi kabla hujaingia kazini. Saa sita unarudi. Katikati hapo atahitaji kula mara moja, tuseme mbili. Saa nane unaondoka umeshamnyonyesha tena, saa kumi umefika. Mchana huo huenda asihitaji kabisa. Mtoto wa umri wake mara moja anakula kama mililita 100 hivi, kwahiyo unachotakiwa kuacha kwa siku ni mililita 100 mpaka 200. Umeona? Ulikuwa unaogopa kujaza friji kumbe ni kikombe kimoja cha chai hakijai. Ndo maana nimekaa sana kwenye barua ya bosi na wifi, hayo mawili yakikaa sawa suala la maziwa linakuwa dogo. Mama anayetoka kumi na mbili asubuhi kurudi kumi na mbili jioni bila kuliona ziwa la mchana huyo ana mlima, wewe huna.

Kuhifadhi. Maziwa yaliyokamuliwa kwenye chumba cha nyuzi joto 25 yanakaa masaa manne. Lakini nyumba ya bati Mtwara mwezi wa 11 inapita hapo mbali sana, kwahiyo usiyaache mezani, yaweke kwenye kideli na barafu, kile kile wanachobebea ice cream kikiwa kidogo, barafu zikiwa hazijayeyuka yanafika mpaka masaa 24. Kwenye friji inayofanya kazi vizuri siku nne. Umeme wako unakatika, kwahiyo usijiwekee akiba ya wiki, kamua jioni na alfajiri kwa ajili ya kesho tu. Chombo kiwe na mfuniko, kimechemshwa, andika saa. Mafuta yatajitenga juu, huo siyo ubovu, tikisa taratibu. Kupasha ni kuweka chombo ndani ya bakuli la maji ya moto, siyo kuyachemsha jikoni. Yakishapashwa na mtoto akaacha, yaliyobaki yasipite masaa mawili, na yasirudishwe friji.

Na dada amlishe kwa kikombe kidogo, chupa siitaki. Chupa na zile chuchu zake kusafisha ni kazi, uchafu unajificha kwenye kona, na watoto wengine wakizoea chupa wanaanza kusumbua kwenye ziwa. Kikombe unakiona chote ndani. Mtoto akae wima kidogo mapajani, kikombe kiguse mdomo wa chini, ayafuate mwenyewe kwa ulimi, asimiminiwe. Anza mazoezi wiki hii, na amlishe dada au wifi, siyo wewe, maana akisikia harufu yako hawezi kukubali kikombe na ziwa analiona. Siku za kwanza atamwaga nusu, kawaida.

Kazini saa nne hivi ingia stoo au popote penye mlango, siyo chooni, ukamue dakika kumi hata kama ni ya kupunguza tu. Ziwa likijaa likaachwa ndo ubongo unaambiwa haya hayahitajiki, na ndo linavimba. Ukiona sehemu imekuwa ngumu, nyekundu, inauma na unapata homa, endelea kunyonyesha hilo hilo ziwa, likande na kitambaa cha baridi na uende kituo cha afya siku hiyo hiyo, usisubiri liwe jipu. Usiku mnyonyeshe kila anapotaka, usiku ndo maziwa yanatengenezwa vizuri. Usishangae akikataa kikombe mchana halafu usiku kucha yuko kifuani, watoto wa mama wanaofanya kazi wengi wanafanya hivyo, uchovu utaupata kweli, na jumamosi mchana lala, vyombo vitaoshwa na mtu mwingine au havitaoshwa.

SWALI: Wiki sita ndo likizo?

Shangazi mimi nafanya mapokezi gesti moja hapa Lindi mjini. Meneja alinipa wiki sita akasema ndo likizo ya uzazi kisheria. Mtoto sa hivi ana wiki saba na ratiba mpya imetoka, nimepangwa zamu ya usiku. Mkataba wa maandishi sina, ila nina mwaka na nusu hapo. Nina haki yoyote au ninyamaze?

Mama wa mapokezi, Lindi

JIBU

Usinyamaze. Likizo ya uzazi ni siku 84 zenye malipo, na ukijifungua mapacha ni siku 100. Hizo wiki sita alizozisikia zipo kweli kwenye sheria lakini zina kazi nyingine kabisa, ni kwamba kabla ya wiki sita kuisha mwanamke haruhusiwi kurudishwa kazini hata akitaka mwenyewe, mpaka daktari aseme anaweza. Ni ukuta wa kukulinda, yeye ameufanya ndo mwisho wa likizo. Siku zako zilizobaki unazidai.

Na zamu ya usiku, kwa sheria usiku ni kuanzia saa mbili usiku mpaka saa kumi na mbili asubuhi, mama haruhusiwi kupangwa humo kwa miezi miwili tangu ajifungue. Mtoto ana wiki saba, kwahiyo hiyo ratiba ni kosa leo hii. Miezi miwili ikipita bado daktari anaweza kukuandikia cheti kama afya yako au ya mtoto hairuhusu, nenda kaombe mapema, kwa mtoto anayenyonya tu hilo ni jambo la kuongea na daktari bila aibu.

Kukosa mkataba wa karatasi hakukufanyi usiwe mfanyakazi. Kuandika masharti ya kazi ni wajibu wa mwajiri, na mkifika kwenye kesi bila karatasi hiyo mzigo wa kuthibitisha unamwangukia yeye. Wewe kusanya unachoweza, piga picha ratiba ukutani yenye jina lako, tunza mesej za meneja, na kama mshahara unatumiwa kwa simu usifute zile jumbe. Muoneshe meneja kwanza kwa utulivu, huenda kweli hajui, wengi wa kwenye magesti waliambiwa tu na waliowatangulia. Asipoelewa, Afisa Kazi, halafu CMA, na kwa madai kama haya ambayo siyo ya kufukuzwa muda ni siku 60.

SWALI: Marafiki wanasema nimelishwa limbwata

Shangazi mimi ni mwanaume, fundi cherehani Masasi, kazi zangu nafanyia barazani nyumbani. Mke wangu mwalimu wa msingi anarudi shule mtoto akiwa na miezi mitatu. Tumekubaliana mchana mtoto nibaki nae mimi. Sasa mama yangu anasema maziwa yakishinda kwenye ziwa juani yanapata moto yanachacha, mke akirudi ayakamue amwage kwanza ndo mtoto anyonye. Na marafiki zangu wanasema nimelishwa limbwata. Nisaidie kwanza hilo la maziwa.

Baba, Masasi

JIBU

Maziwa hayachachi ndani ya ziwa, hata mama ashinde juani analima. Yanatengenezwa muda wote na ni salama pale pale anaporudi. Akiyamwaga anamwaga chakula cha mtoto kwa wakati ambao mtoto ana njaa kuliko wakati wowote wa siku. Mama yako mwambie taratibu, ikibidi nenda nae kliniki asikie kwa nesi, wazee wetu wanawaheshimu manesi. Anachotakiwa mkeo akirudi ni kunawa, kunywa maji, akae amnyonyeshe, na hapo chakula cha jioni kiwe hakimsubiri yeye.

Kikombe, kideli, namna ya kupasha, soma nilivyomwambia huyo mama wa Mtwara, yote yanakuhusu wewe maana ndo utakayelisha. Sindano na pini zako za cherehani zikae juu. Mkeo ni mtumishi wa umma, wao wana utaratibu wao wa kutoka mapema kwa anayenyonyesha, aongee na mwalimu mkuu na afisa utumishi wa halmashauri kabla ya siku ya kwanza ili vipindi vyake vipangwe asubuhi. Hao marafiki waache waseme, mtoto wako anakujua kwa sauti akiwa na miezi mitatu, wao wa kwao wanawakuta wamelala.

Kuna kitu hukuniuliza lakini nakwambia. Kunyonyesha pekee kunazuia mimba kama mtoto hajafika miezi sita, mama hajaona siku zake, na ananyonya tu mchana na usiku bila kukaa masaa mengi. Akianza kushinda shuleni kinga hiyo inalegea. Nendeni wote wawili kliniki kabla hajarudi kazini mkaulizie uzazi wa mpango, na mseme mapema kwamba ananyonyesha ili apewe njia isiyopunguza maziwa, kuna vidonge vya wanaonyonyesha, kuna kipandikizi, kuna kitanzi.